Hamsini na Nane, Kila Saa

Mimi ni Balozi wa Data. Msicheke. Nina kofia, nina fulana, na nina cheti chenye picha ya roboti anayetabasamu, kimetundikwa sebuleni kwangu juu ya televisheni, pale pale palipokuwa na picha ya harusi yetu. Mume wangu ndiye aliyekitundika. Alisema picha ya harusi itatafutiwa mahali pengine. Huu mwezi wa nne, mahali bado panatafutwa.

Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni ya unga. Mimi ni opereta wa mnara wa kukaushia, zamu ya asubuhi, mwaka wa kumi na moja huu. Sabuni inapuliziwa juu ikiwa uji, inashuka chini ikiwa unga, na katikati kuna hewa ya moto inayosukumwa na feni moja kubwa kuliko chumba ninacholala. Mhimili wa feni hiyo umekalia beringi, pete ya chuma yenye gololi ndani. Beringi ikiwa nzima, joto lake halizidi nyuzi sitini. Ikizidi, inaanza kujila yenyewe. Ikikatika, feni inang'oka, na aliye karibu nayo siku hiyo tutamsoma kwenye tangazo la msiba.

Kwa hiyo kila saa opereta anafuta vumbi kwenye saa ya joto, ile ya mshale iliyofungwa ubavuni mwa beringi, anaisoma, na anaandika kwenye daftari. Kazi rahisi, mtoto wa darasa la pili angeiweza. Tatizo ni kwamba ukiandika chochote kilichozidi sitini, unatakiwa ujaze Fomu ya Maelezo ya Hitilafu, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni: moja ya meneja, moja ya fundi mkuu, na ya tatu mpaka leo hakuna anayejua huenda wapi. Kisha meneja wa uzalishaji anakuita ofisini. Hakuulizi mashine ina nini. Anakuuliza, "Umeifanyia nini mashine yangu?"

Wiki yangu ya kwanza niliandika sitini na saba. Lahaula! Nilihojiwa siku mbili mfululizo kama nimeiba kuku. Siku ya tatu niliandika hamsini na nane, na meneja akanipita kwenye korido akaniambia, "Naona sasa umeizoea kazi." Nikaielewa kazi. Tangu hapo hamsini na nane ikawa rafiki yangu. Hamsini na tisa niliiona ina wasiwasi, na hamsini na tano ina uvivu. Mara moja moja nilitia hamsini na saba, ladha isiwe ile ile.

Ila sisi si wauaji jamani. Nyuma ya mlango wa sanduku la swichi, kwa ndani, tuliandika kwa chaki namba ya kweli, ili anayeingia zamu ajue asukume grisi mara ngapi. "71, grisi mbili." "73, grisi tatu, angalia harufu." Kila opereta mpya alifundishwa siku ya kwanza: daftari ni la mabosi, mlango ni wetu. Opereta wa zamu ya usiku, mzee mmoja mtulivu sana, aliandika namba zote nane za daftari kabla hajavua koti, kisha akaenda kuandika mlangoni kwa uaminifu mkubwa. Hakuna aliyeona ajabu yoyote.

Hakuna, isipokuwa wifi yangu.

Wifi ni dada mdogo wa mume wangu, na aliyemwingiza kiwandani ni mimi. Miaka minane iliyopita nilimbembeleza meneja mpaka nikachoka mdomo, wifi akapewa zamu ya mchana, ya kunipokea saa nane. Nikamwonyesha daftari, nikamwonyesha mlango. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa wifi, saa ya joto inasoma ngapi?"

"Sabini na moja."

"Basi sabini na moja," akasema, akaandika, akaenda kuomba fomu.

Tulimwita Bibi Fomu. Kwenye mkoba wake, kati ya kanga na dawa ya kifua ya mtoto, alibeba karatasi zake mwenyewe za kaboni, maana za ofisini ziliisha na ofisi ilikuwa haina haraka. Tulimcheka kwenye kantini mpaka tukapaliwa. Mimi nilicheka kuliko wote, ili mtu asidhani kwa kuwa ni wifi yangu basi na mimi nina hayo maradhi ya kusema kweli.

Na meneja alizisoma fomu zake, tusimsingizie. Alizisoma, akafungua daftari, akakuta zamu yangu hamsini na nane, zamu ya usiku hamsini na nane, akamwambia, "Mbona wenzako mashine hii hii haiwasumbui?" Beringi haikubadilishwa. Miaka minane wifi anaomba beringi mpya, na miaka minane mimi ndiye niliyekuwa namkatalia, kwa kalamu yangu, kila saa. Nilijua. Nisijifanye sikujua.

Basi mwaka huu yakaja Mageuzi ya Kidijitali.

Mabosi walikuwa wameenda kwenye mkutano fulani, wakarudi macho yamewatoka. Wiki mbili baadaye akaja mshauri, bwana mwenye viatu vyenye ncha kali na kompyuta nyembamba, aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusema dashibodi. Sisi dashibodi tuliyoijua ni ya gari, pale unapoweka bima na karanga. Tukamwita Bwana Dashibodi. Alitukusanya akasema, "Mmekalia dhahabu! Data zenu za miaka kumi ni dhahabu tupu!" Mwenzangu mmoja aliinuka kidogo akaangalia kiti.

Nikamuuliza kama wataweka vifaa vya kupima joto vyenyewe, mashine iseme bila mtu katikati. Akatabasamu. "Vihisio ni awamu ya pili." Awamu ya kwanza ilikuwa runinga kubwa pale mapokezi, kofia, fulana, na vijana sita wa kunakili madaftari yetu yote kwenye kompyuta. Walinakili mwezi mzima. Kila hamsini na nane yangu iliingizwa kwa uangalifu, na kuhakikiwa mara mbili ili isije ikakosewa.

Mfumo ukala, ukashiba, ukatoa hekima. Zamu ya asubuhi: kijani. Zamu ya usiku: kijani. Zamu ya mchana: nyekundu pyu. Bwana Dashibodi alituonyesha ukutani kwa kijiti cha mwanga, anatetemeka kwa furaha. Beringi, alisema, inapanda joto kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku tu, kwa miaka minane bila kukosa. Kwa hiyo mashine ni nzima. Mgonjwa ni opereta.

Meneja akaitikia kwa kichwa, taratibu, mtu aliyekuwa amelijua hilo siku zote. Mimi nikapewa ubalozi, kwa sababu data zangu zilikuwa "safi na tulivu kuliko zote kiwandani." Walinipigia makofi. Unajua kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa? Mimi nilipakwa mpaka nikateleza.

Kisha zikaja tableti, badala ya daftari. Wifi akaingiza sabini na nne. Tableti ikajibu: *Thamani si ya kawaida. Tafadhali ingiza thamani sahihi.* Ilikuwa imejifunza kutoka kwangu, masikini, ingejua wapi? Akaingiza tena sabini na nne. Ikamkatalia. Aliingiza mara kumi na moja, nilikuwa nimesimama pale nafungasha vitu vyangu nikamhesabia. Kisha akaiacha nafasi wazi, akatoa karatasi yake ya kaboni. Mfumo ukamwandikia alama: anapinga mabadiliko.

Jumatatu meneja akamwita. Mfumo, akamwambia, umependekeza apunguzwe. Mfumo! Kana kwamba ulikuwa umekaa nao ukinywa chai. Ijumaa kutakuwa na uzinduzi, wageni watakuja, asubiri upite, amalizie zamu yake ya mwisho, kisha asaini karatasi ya kuacha kazi kwa hiari yake mwenyewe.

Usiku ule, zamu yake ilipokwisha, wakaja nyumbani kwangu, yeye na mama mkwe. Mshahara wa wifi ndio unaomlisha mama mkwe na watoto wawili wa wifi, maana baba yao alishatuachia habari zake tu. Mama mkwe akakaa chini ya kile cheti, akakitazama, akanitazama.

"Mwanangu," akaniambia, "si wewe ndiye mkubwa wa hizo data? Zungumza nao basi. Watakusikiliza wewe."

Mume wangu akasema, "Atazungumza nao, mama. Wanamheshimu sana pale."

Wifi hakuniomba kitu. Alisema tu, "Mimi wifi nilisoma vile saa ilivyosoma." Alijua kila kitu kuhusu mlango na chaki. Angeweza kumwaga mtama pale pale mbele ya kaka yake na mama yake, niumbuke. Akanywa chai yake akashukuru.

Nikasema, "Nitaona." Ndiyo jibu la mwoga aliyesoma. Na nilikuwa na sababu ya kuogopa, msinione mpumbavu: kwenye ubao wa matangazo kuna sheria namba nne, ya siku nyingi, herufi kubwa. Kughushi kumbukumbu za uzalishaji, kufukuzwa papo hapo. Wifi akibaki, natoka mimi. Mimi nikibaki, anatoka wifi. Usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilijigeuza kitandani mpaka mume wangu akauliza kama nina kunguni.

Alhamisi wakaja wapaka rangi. Meneja aliagiza kila kitu kiwe kijivu kabla ya wageni, maana dijitali ni kijivu. Natoka kufuta saa ya joto, namkuta mpaka rangi mmoja amefungua mlango wa sanduku la swichi, brashi imelowa, anaangalia miezi mitatu ya chaki yetu kama anaangalia uchafu.

"Weee!" nikamkemea. "Ndani humo usipake! Kuna umeme, utakauka hapo hapo uwe fimbo!"

Akafunga mlango polepole, akaenda kupaka ngazi. Sikuwa nimeamua kusema lolote, nakuapieni. Nilikuwa tu sijaamua kufuta.

Ijumaa saa tano asubuhi, zamu yangu, uzinduzi. Viti vyenye vitambaa vyeupe, maputo, na mwenye kiwanda mwenyewe, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, amekaa mbele. Runinga imeletwa kutoka mapokezi na kuwekwa hatua thelathini kutoka kwenye feni. Juu yake, kijani kizuri: joto la beringi, 58. Mimi ndiye niliyeiingiza dakika kumi nyuma. Saa ya joto ilikuwa inasoma sabini na tisa.

Bwana Dashibodi alihubiri nusu saa. Akasema mfumo sasa unaiona kesho. Akasema, "Na sasa Balozi wetu wa Data atatoa ushuhuda." Nikapewa kipaza sauti na karatasi aliyoniandikia yeye, inayoanza, *Safari yangu ya kidijitali.*

Nikainua macho. Kule nyuma kabisa, karibu na mlango, wifi alikuwa amesimama na sare yake na mkoba wake. Amewahi, ili zamu yake ya mwisho aianze na kuimaliza vizuri. Na alikuwa ananipigia makofi. Si ya kejeli, ningeyajua. Alikuwa anampigia makofi wifi yake aliyevaa kofia mpya mbele za watu. Moyo ulinikatika vipande. Hapo nikajikaza kisabuni.

"Hii hamsini na nane," nikasema, "nimeitunga mimi."

Watu wakacheka. Wageni wanapenda mzaha kidogo.

"Nimeitunga leo, nimeitunga jana, nimeitunga miaka kumi na moja. Zile data safi na tulivu ni uongo mtupu. Anayesema kweli kwenye mnara huu ni mmoja tu, na ndiye mnayemfukuza leo. Kama mnabisha, njooni."

Nikashuka jukwaani na kipaza sauti chao mkononi. Yule mama mfupi aliinuka akanifuata, na bosi akiinuka nani atabaki ameketi? Tukaenda msafara mzima hadi kwenye feni. Nikafungua mlango wa sanduku la swichi. Chaki yangu, mwandiko wangu: 76, 76, 77, 79.

Meneja alikuwa amegeuka rangi ya ngazi zake mpya. "Chaki si data," akasema.

"Na mfumo hauna rekodi hiyo," akasema Bwana Dashibodi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananionea huruma. "Mama, beringi iko hamsini na nane. Iko pale kwenye dashibodi."

"Basi weka kiganja," nikamwambia. "Pale, juu ya nyumba ya beringi. Hamsini na nane utaivumilia."

Na Mungu wangu, akaweka! Nikamheshimu kwa mara ya kwanza: mwenzetu kweli alikuwa anaamini. Mkono ulirudi haraka kuliko ulivyokwenda, pamoja na neno ambalo halikuwemo kwenye hotuba yake. Nyuma yake runinga iliendelea kuonyesha kijani.

"Zima," akasema mwenye kiwanda.

Fundi mkuu akazima feni. Tulisubiri ipoe, watu wamesimama na juisi zao. Alipofungua, alichokitoa hakikuwa beringi tena. Zile gololi zilikuwa za bluu kwa kuungua, nyingine zimepasuka katikati, na kilichokuwa kinazishika kilimwagika mkononi mwake kama makombo.

"Ingekatika lini?" mwenye kiwanda akauliza. "Mwisho wa mwezi?"

"Mwezi?" Fundi akatikisa kichwa. "Hii, mama, ingekatika saa nane. Saa tisa kwa bahati."

Saa nane mimi navua kofia naenda nyumbani. Saa nane wifi anasogea hapo hapo, anainama na kitambaa chake, anafuta vumbi kwenye saa ya joto ili asome vizuri, yeye peke yake kati yetu anayeisoma kwa karibu. Na baada ya kumzika wangefungua mfumo, wangeona nyekundu, wangesema, si tulijua. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa sakafuni na fulana yao mpya.

Karatasi ya kuacha kazi kwa hiari, mwenye kiwanda aliiomba kwa meneja, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mkoba wake. Beringi mpya ilifungwa Jumapili, na vihisio vya awamu ya pili, ajabu ya Mungu, vikapatikana ndani ya wiki mbili. Meneja siku hizi anauliza mashine ina nini. Inamuuma kuuliza, lakini anauliza. Bwana Dashibodi alipopona kiganja aliomba ule mlango ung'olewe, akauita "chanzo cha data kilichosahaulika", na sasa umetundikwa chumba cha mikutano ukiwa na kioo mbele. Wageni wanapigwa nao picha.

Mimi sheria namba nne haikunipitia mbali. Nilisimamishwa mwezi mmoja bila mshahara, na mume wangu alikaa kimya wiki nzima, kimya cha mtu anayepiga hesabu ya mambo mengine ninayomwambia nyumbani. Kilichoniokoa nisifukuzwe ni kwamba wifi alikwenda ofisini kuniombea. Ndiyo, yeye. Nikarudishwa kazini, zamu ya mchana, msaidizi wake. Cheo cha ubalozi bado ninacho, kwa kuwa mfumo hauna kitufe cha kukifuta, na cheti mume wangu amekataa kukishusha. Anasema nikitazame.

Siku niliyorudi, mwenye kiwanda alikuwa ameacha agizo moja: nijaze fomu. Moja tu, ya miaka yote kumi na moja. Wifi akaniwekea meza, akatoa mkobani karatasi za kaboni, akazipanga kingo kwa kingo alivyozoea. Sikuwahi kuijaza ile fomu tangu wiki yangu ya kwanza, alilazimika kunionyesha kila kitu kinaandikwa wapi. Jina la opereta. Mashine. Muda wa hitilafu. Halafu panapoandikwa *Sababu*, wameacha mistari kumi.

Nilitaka kuandika habari za meneja, za sheria namba nne, za watu wote waliokuwa wanafanya hivyo hivyo. Mwishowe nikaandika neno moja, *Niliogopa*, nikamsogezea.

Wifi akasoma. Akafunua nakala ya kwanza, akafunua ya pili, akaitazama ya tatu kwenye mwanga wa dirisha, kisha akanirudishia kalamu.

"Kandamiza, wifi," akasema. "Huku chini halijatokea."